Simba akiingia kijijini, nani ashike bunduki? Barua ya wazi kutoka Rufiji

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Maliasili na Utalii,
Mheshimiwa Waziri wa Mambo ya Ndani ya Nchi,
Kamishna wa Uhifadhi wa Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania (TAWA),
na wakuu wa wilaya zinazopakana na hifadhi katika mikoa ya Pwani, Lindi, Mtwara na Ruvuma.

YAH: MAFUNZO YA BUNDUKI KWA VIJIJI VINAVYOISHI NA SIMBA

Waheshimiwa, nawasalimu kwa heshima zote. Mimi ni mkulima wa mpunga na mjumbe wa kamati ya maliasili ya kijiji, upande wa Rufiji, ambako kutoka shambani kwangu hadi pori la Hifadhi ya Taifa ya Nyerere ni mwendo wa asubuhi moja kwa miguu. Nina mdogo wangu mwenye mguu mmoja. Wageni wakimwona huuliza kama ni mamba au ni simba. Si mamba wala si simba. Mguu ule tuliutoa sisi wenyewe, mchana kweupe, tukiwa tunamsaka simba.

Naomba niwaeleze ilivyokuwa, maana ombi langu lote limo humo.

Ilikuwa masika, mpunga umeanza kuinamisha vichwa. Msimu huo nusu ya kijiji huhamia mashambani, mchana kuamia ndege, usiku kufukuza nguruwe pori, na kulala ni madunguni, vile vichanja vya kulindia shamba. Usiku wa kwanza simba alichukua mbuzi wawili. Usiku wa pili akaparua ukuta wa jiko la jirani yetu, jiko la fito na udongo, akatoboa tundu la kupitisha kichwa kabla kelele za masufuria hazijamwondoa. Asubuhi tukapiga simu kwenye namba tuliyokuwa tumepewa. Tukajibiwa kwamba gari lipo ila mafuta hakuna, tuvute subira. Mwenye watoto wadogo na ukuta uliotobolewa anavuta subira gani? Ngoma ikalia, na ilipofika saa tatu wanaume kama sitini tulikuwa tumekusanyika na mapanga, mikuki, magobore matatu, na shotigani moja ya kuazima ambayo mwenye kibali chake hakuwepo.

Nyayo zilitupeleka hadi kwenye kichaka cha matete kando ya bwawa lililokauka. Tukakizunguka. Neno hilo, waheshimiwa, naomba mlisome tena: tukakizunguka. Watu sitini tumesimama duara, kila mmoja anatazama katikati, na kila mwenye bunduki ana mwenzake ng'ambo aliyesimama mbele ya mtutu wake, kafichwa na matete tu. Hakuna hata mmoja wetu aliyeliona hilo. Macho yote yalikuwa kwenye kichaka. Simba alitoka chini chini, tumbo linagusa ardhi, akapenya kati ya vijana wawili. Gobore la kwanza likalia, la pili likafuata, moshi ukatanda. Simba akaenda zake bila mkwaruzo. Mdogo wangu alikuwa amekaa chini upande wa pili, anashangaa kwa nini hawezi kuinuka.

Goroli na vipande vya chuma vilimwingia kwenye goti na juu yake. Pikipiki hadi zahanati, kutoka zahanati hadi hospitali, na siku ya nne mguu ukakatwa. Aliyefyatua ni mtoto wa baba yetu mdogo, tuliyenyonya naye na kutahiriwa naye. Alikamatwa kwa kumiliki gobore lisilo na kibali, na alipoachiwa akahamia mbali. Misiba miwili imepita nyumbani kwetu bila yeye kuja.

Tulipouliza habari za fidia, tuliambiwa kwamba kifuta machozi ni kwa aliyejeruhiwa na mnyama, na jeraha la risasi halimo kwenye fomu. Kanuni za mwaka 2011 zilipoanza ziliweka shilingi 1,000,000 kwa kifo na 500,000 kwa ulemavu wa kudumu. Siandiki kudai fedha hizo. Naeleza tu kwamba watu wa namna ya mdogo wangu hawamo kwenye hesabu yoyote. Simba akila mtu, jina linaandikwa. Tukipigana risasi sisi kwa sisi kwa sababu ya simba huyo huyo, tunaandikwa kuwa ajali, au tunaandikwa kuwa kesi.

Sasa nimzungumzie askari wa wanyamapori aliyekuja baadaye, maana kwake ndiko nilikojifunza kwamba jambo hili lina ufundi wake.

Alifika baada ya wiki mbili, peke yake, na bunduki ya .375 yenye risasi nene kama kidole cha mtoto. Vijana walimkimbilia kumwonyesha njia. Akawaambia wote warudi majumbani wafunge milango. Hakuuliza simba yuko wapi. Kwanza aliuliza nyumba ziko wapi, watu wanalala wapi, nani yuko shambani usiku huo na dungu lake linatazama wapi. Alizunguka kitongoji kizima kungali na mwanga. Alipochagua pa kukaa, karibu na mzoga wa ng'ombe, akachomeka vijiti viwili ardhini mbele yake, kimoja kulia na kimoja kushoto. Nikamuuliza vya nini. Akasema: "Nje ya vijiti hivi kuna nyumba. Usiku nitakuwa na usingizi na hofu, na simba atakuja kwa kasi. Mtutu wangu ukigusa kijiti, sipigi, hata akiwa amesimama pale nikimwona meno."

Alikaa siku tatu. Usiku wa pili simba alikuja, akasimama nje ya kijiti cha kulia, akaondoka. Askari hakupiga. Asubuhi kijiji kilimsema vibaya sana, na mimi nilikuwa mmoja wao. Usiku wa tatu akaja kati ya vijiti viwili. Risasi ya kwanza ikamlaza, ya pili akaongezewa pale pale. Hata hapo askari hakushuka kumkimbilia. Alisubiri muda mrefu, akamwendea kwa nyuma, bunduki tayari, akamgusa jicho kwa kijiti kirefu. Jicho halikupepesa. Hapo ndipo alipotuita.

Nilikaa na picha ile mwaka mzima: sitini kwenye duara, na mmoja mwenye vijiti viwili.

Waheshimiwa, mnajua kwamba hofu yetu haikuanza juzi wala si ya kujitakia. Watafiti waliohesabu mashambulizi ya simba nchini kuanzia mwaka 1990 hadi 2004 walipata watu wasiopungua 563 waliouawa na 308 waliojeruhiwa, na wengi walikuwa wa huku kusini na pwani. Hapa Rufiji, kati ya Agosti 2002 na Aprili 2004, vijiji vinane vilizika watu wasiopungua 35 waliouawa na simba ambaye wananchi walimpa jina la Osama. Alipouawa alikutwa na jipu kubwa chini ya gego lililovunjika. Kuna wanaoamini hadi leo kwamba hakuwa peke yake. Sisi tuliokuwepo tunakumbuka jinsi jua lilivyokuwa likishuka na kijiji kinanyamaza, mtu akibanwa na haja usiku anajisaidia kwenye ndoo, na mama akimwita mtoto sauti inatetemeka. Mtu aliyeishi hivyo huwezi kumlaumu akitafuta bunduki.

Lakini hofu ile ile ndiyo inayotufanya tuishike vibaya. Simba akishambulia, kwa mbio fupi anakaribia kilomita 80 kwa saa. Hatua hamsini anazimaliza kwa kama sekunde mbili. Gobore lina risasi moja. Ukikosa, kulijaza tena, kumimina baruti, kushindilia na kuweka fataki, ni kazi ya dakika nzima kwa mkono usiotetemeka, na mbele ya simba hakuna mkono usiotetemeka. Baruti ikipata unyevu wa masika, bunduki inaweza kuchelewa kulia. Nimemwona kwa macho yangu mzee wa heshima akifyatua, kimya, kisha akaigeuza gobore yake kuchungulia tundu la mtutu. Hakuna aliyewahi kumfundisha kwamba bunduki iliyogoma hubaki imeelekezwa pasipo na mtu kwa dakika nzima kabla ya kuguswa. Alisalimika kwa kudra za Mungu. Na magobore yenyewe mengi ni mabomba ya chuma yaliyochongwa na mafundi wa vijijini, hayajapimwa nguvu na mtu yeyote, na hupasukia usoni mwa mwenyewe.

Shotigani nayo inatudanganya kwa kishindo chake. Ikiwa imejazwa risasi za kanga, zile punje ndogo, simba aliye mbali kidogo anapata vidonda vya ngozi na hasira. Simba aliyejeruhiwa akaachwa akaingia kichakani ni balaa kuliko yule wa jana. Atajificha palepale kwenye njia ya kwenda kisimani, na akishindwa kukimbiza nyati atamfuata anayekimbia polepole. Ndiyo maana naumia nikisikia viongozi wakituambia mikutanoni, "jilindeni." Kujilinda kwa namna hiyo ndiko kunakotuzalishia mla watu wa mwaka unaofuata.

Na giza. Utafiti uliopitia mashambulizi ya zaidi ya watu 1,000 nchini kati ya mwaka 1988 na 2009 ulionyesha kwamba hatari hupanda siku zinazofuata mwezi mpevu, mwezi unapochelewa kuchomoza, na saa zenyewe ni zile za mwanzo wa usiku, watu wakiwa bado wanapika na kutembeleana. Wazee wetu walilisema hilo bila kuandika. Fikirini basi maana yake kwa mwenye bunduki. Saa ambayo simba yuko kijijini ndiyo saa ambayo njiani kuna watu. Tochi ikimulika, macho ya simba yanang'aa, lakini ya mbwa yanang'aa pia, ya mbuzi na ndama vilevile. Macho ya binadamu hayang'ai hivyo. Kwa hiyo anayelenga macho mawili gizani anaweza kuwa analenga ndama wa jirani, na mtu aliyesimama nyuma ya ndama huyo hamwoni kabisa. Vijana wetu sasa wana mtindo wa kufunga tochi kwenye mtutu kwa mpira wa baiskeli. Ukifanya hivyo, kila unachokitazama umekielekezea bunduki: mlango wa jirani, mtoto aliyetoka kukojoa, mke wako anayerudi. Tochi ishikwe na mtu wa pili aliyesimama kando, na bunduki ibaki imeelekea chini hadi mnyama ajulikane ni nani na nyuma yake kuna nini.

Nyumba zetu ni za udongo. Risasi ya bunduki kubwa inaupita ukuta wa fito kama kidole kinavyopita kwenye ugali. Ukipiga upande wa nyumba umepiga waliolala. Ukipiga hewani kutisha, risasi inarudi chini mahali fulani, na mahali fulani hapo kuna dungu la mtu. Bati, debe, madumu, moto na vuvuzela vya mpirani vinapiga kelele bila kuua mtu.

Halafu kuna bunduki ya siku ambayo hakuna simba. Hiyo ndiyo inayokaa nasi mwaka mzima. Inatundikwa juu ya kitanda imejazwa, kwa sababu mwenyewe anasema mnyama hapigi hodi. Watoto wanaiona, wanaizoea, siku moja wanaichezea. Ikae haina risasi, imefungwa, na risasi zikae kwenye sanduku lingine. Ikijazwa, ijazwe nje ya nyumba, mtutu umeelekea pasipo na mtu, kidole nje ya kifyatulio mpaka dakika ya kupiga. Anayekunywa pombe asiiguse kabisa, na hapa naomba radhi kwa wazee wenzangu, lakini misako mingi ya asubuhi huanzia kilabuni.

Haya yote niliyoandika hayana siri. Kila askari aliyepita depo anayajua. Kwetu hayakufika.

Kuna wabunge na madiwani wanaotutetea kwa kudai wananchi wa pembezoni mwa hifadhi waruhusiwe bunduki kila kaya. Nawashukuru kwa nia yao, ila nasema wazi kwamba sikubaliani nao. Bunduki mia moja kwenye kijiji kisicho na mafunzo ni duara lile lile la matete, kubwa zaidi. Ninachoomba ni kinyume chake. Bunduki iwe kazi ya wachache wanaojulikana kwa majina, waliofundishwa na wanaorudiwa kufundishwa.

Njia ya kuwapata mnayo tayari. Askari wa wanyamapori wa vijiji wapo kisheria, na chuo cha Likuyu Sekamaganga kule Namtumbo kimekuwa kikiwafundisha kwa miaka mingi. Wanajifunza doria, sheria, kutambua nyayo. Naomba liongezwe somo zima la bunduki katikati ya makazi: namna ya kuchagua pa kupigia, kuweka vijiti kama alivyofanya yule askari, kufanya kazi wawili wawili mmoja na tochi mmoja na bunduki, kumfuata mnyama aliyejeruhiwa kukishapambazuka na si usiku, na lini usipige. Wanne kwa kila kijiji kinachopakana na hifadhi wanatosha. Wapige shabaha kwa risasi halisi kila mwaka kabla ya mpunga kuiva, maana aliyepiga mara moja chuoni miaka kumi iliyopita ni sawa na sisi. Bunduki itakayowatosha simba na nyati ihifadhiwe kituo cha polisi cha karibu au ofisi ya kata yenye sanduku la chuma, na itoke kwa saini. Na wasiishie kupewa posho ya maneno. Mtu anayeombwa asimame mbele ya simba usiku anastahili kulipwa na kukatiwa bima.

Kwa Jeshi la Polisi ombi langu ni moja. Sheria ya silaha ya mwaka 2015 inamtaka mwenye bunduki awe na kibali. Kibali hicho kiendane na kuonyesha kwa vitendo kwamba mtu anaweza kujaza, kutoa risasi na kubeba bunduki bila kuelekeza mtutu kwa wenzake. Mnapotangaza siku za kusalimisha silaha kwa hiari, njooni hadi vitongojini, msikae wilayani. Wenye magobore wengi hapa wangeyaleta kesho kama wangejua kwamba hawatalala ndani, na kwamba simba akija kuna mtu mwingine wa kuitwa.

Hapo ndipo penye kiini. Namba ya simu ya dharura isiyo na mafuta kwenye gari ndiyo iliyotupeleka kwenye matete. Wilaya ikitenga mafuta ya wanyama wakali peke yake, yasiyoguswa kwa ziara wala kwa vikao, kuanzia mwezi wa tatu hadi wa sita, magobore mengi yatabaki yametundikwa. Gari likichelewa, kijiji kijue utaratibu wa kusubiri: watu ndani, mifugo zizini, moto uwashwe, kiongozi mmoja wa msako atajwe kwa jina, na marufuku kuzunguka kichaka.

Pia mtusaidie kuwaeleza watu sheria yenyewe. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Namba 5 ya mwaka 2009 haimfanyi mhalifu mtu aliyeua mnyama kwa kuokoa maisha. Inamtaka atoe taarifa, na ngozi, meno na kucha ni mali ya serikali. Huku kwetu wengi hawajui hilo. Mtu akijeruhi simba ananyamaza kwa kuogopa kukamatwa, kijiji jirani hakipati taarifa, na watoto wao wanapita asubuhi kwenye njia aliyolala simba mwenye kidonda. Wengine wanasema simba yule ni wa kutumwa, wanamtafuta mchawi badala ya kutafuta nyayo, na bibi kizee fulani ndiye anayelipia. Askari akifika mapema maneno hayo hufa yenyewe. Nimeliona mara mbili.

Najua mtaniambia bunduki si jibu la kwanza, na ni kweli tupu. Vyoo vijengwe karibu na nyumba, milango iwe ya mbao na si ya makuti, watu wasilale peke yao dunguni, na nguruwe pori wapunguzwe, maana huyo ndiye anayetutoa majumbani na ndiye anayemleta simba shambani. Hayo tunaweza kuyafanya kwa mikono yetu mkitusaidia mbao na mabati. Nimeandika habari ya bunduki kwa sababu ndiyo tusiyoweza kuifanya wenyewe.

Mdogo wangu amenisomea barua hii, mimi macho yamechoka. Alipofika kwenye habari ya duara alinyamaza kidogo, akaniambia niandike kwamba hana kinyongo na ndugu yetu, na kwamba ndugu yetu akiisoma popote alipo arudi nyumbani. Nimeahidi kuandika, nimeandika.

Mwaka huu tumepanda mapema. Mpunga utaanza kuinama mwezi wa nne, na kuanzia hapo nitakuwa dunguni kila usiku. Naomba majibu yapitie ofisi ya kata, na yafike kabla ya hapo.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mkulima, mjumbe wa kamati ya maliasili ya kijiji
Rufiji, Pwani